TUNAONA KWA KUCHELEWA: Ulimwengu, Macho Yetu na Kuwakumbuka Wenzi Waliotutangulia

(Hotuba hii ilitolewa na mwalimu mstaafu wa fizikia, ambaye ni mgane na mjumbe wa kamati ya parokia, katika siku ya mafunzo ya kamati zinazowahudumia wajane na wagane. Tumeifupisha kidogo kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Nashukuru sana kwa kualikwa. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze juu ya kumkumbuka mwenzi wa ndoa aliyefariki. Nilipoipokea nilimwuliza Mwenyekiti kwa nini hakumwalika padre, au mtaalamu wa ushauri nasaha. Alinijibu kwamba padre mnamsikia kila Jumapili, na mtaalamu mtakuwa naye kesho asubuhi. "Wewe mwalimu tuletee ulicho nacho," aliniambia. Nilicho nacho ni mambo mawili: miaka 34 ya kufundisha fizikia katika shule za sekondari, na miaka tisa ya kuishi bila mke wangu. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya nyota, juu ya jicho la binadamu, na juu ya wajane na wagane wa vigango vyetu. Naomba mnivumilie hadi mwisho, maana mambo haya yanahusiana na kazi yenu zaidi ya inavyoonekana.

Mwanga una safari

Ndugu zangu, nyote mmewahi kumwona mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde. Shoka linashuka, gogo linapasuka, na mlio unakufikia baadaye. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kama jirani yako yuko umbali huo, unaposikia mlio wa shoka yeye ameshaanza kulinyanyua tena.

Mwanga nao una safari, ila ni wa haraka mno: kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mwaka 1676 Ole Rømer, raia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Paris, alionyesha kwamba mwanga huchukua muda kusafiri. Alichunguza mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii na kuona kwamba kupatwa kwake kulionekana kwa kuchelewa kila dunia yetu ilipokuwa mbali zaidi na sayari hiyo. Kabla ya hapo watu wengi walidhani kwamba tunaona mambo papo hapo.

Tufanye hesabu pamoja. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, kwa hiyo tunauona ulivyokuwa sekunde moja na kidogo iliyopita. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, nasi tunaliona lilivyokuwa dakika nane na theluthi zilizopita. Alfa Kentauri, ile nyota angavu ya kusini iliyo karibu na nyota za Msalaba, tunaiona ilivyokuwa zaidi ya miaka minne iliyopita. Kilimia, zile nyota zilizosongamana ambazo wazee wetu walizitazama kupanga kilimo, ziko mbali kiasi kwamba mwanga wake hutumia takriban miaka 440 kufika. Mwanga wa Kilimia utakaoingia machoni mwenu usiku wa leo uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593.

Hata humu ukumbini ni hivyo hivyo. Mama aliyekaa kiti cha nyuma kabisa ananiona nilivyokuwa muda mfupi mno uliopita, na ubongo wake unahitaji tena sehemu ya kumi hivi ya sekunde kutengeneza picha hiyo. Hakuna kiumbe mwenye macho anayeiona "sasa" halisi. Sote tunaona kwa kuchelewa, na kila tunachokiona kimeshapita.

Hapa nisahihishe jambo moja ambalo huenda mmelisikia misibani. Husemwa kwamba nyota nyingi tunazoziona zimeshakufa, na kwamba marehemu wetu ni kama nyota hizo. Hili si kweli. Nyota tunazoziona kwa macho matupu karibu zote ziko umbali wa miaka ya mwanga isiyozidi elfu chache, na nyota huishi mamilioni ya miaka, nyingine mabilioni. Karibu zote bado zinawaka. Nasema hivi kwa sababu mfiwa akifarijiwa kwa jambo lisilo la kweli, siku akiligundua faraja yote huondoka. Kwa hiyo sitawaambia kwamba mke wangu ni nyota. Nitawaambia yale ambayo elimu ya nyota na elimu ya macho imenisaidia kuyaelewa katika ujane wangu.

Habari hutangulia, machozi hufuata

Tarehe 23 Februari 1987 vyombo vilivyozikwa chini ya ardhi nchini Japani, Marekani na Urusi ya wakati ule vilinasa chembe ndogo ajabu ziitwazo nutrino, chache tu, kwa muda wa sekunde kumi na kitu. Saa kadhaa baadaye mwanga wenyewe ukafika: nyota kubwa ilikuwa imelipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya mwanga takriban 168,000. Watu wa nchi za kusini mwa dunia waliiona kwa macho matupu. Nutrino hutoka katikati ya nyota mara tu kiini chake kinapoporomoka, lakini mwanga wa mlipuko husubiri hadi mshindo ufike kwenye uso wa nyota. Habari ya kifo ilitangulia, na kuonekana kwake kukafuata.

Kwa binadamu nako huwa hivyo, ila hatucheleweshwi kwa saa chache. Tunacheleweshwa kwa miezi.

Nitawapa mfano wa mwanafizikia mmoja Mmarekani, Richard Feynman. Mwaka 1965 alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Julian Schwinger wa Marekani na Sin-Itiro Tomonaga wa Japani, kwa kazi yao juu ya mwanga na elektroni. Hakuwa mtu wa dini, na simleti hapa kama mfano wa imani. Namleta kama mgane.

Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 24, alimwoa mchumba wake Arline, ingawa alijua kwamba Arline alikuwa na kifua kikuu. Wakati wa vita Feynman alipelekwa Los Alamos kwenye mradi wa kutengeneza bomu la atomiki, na mkewe akalazwa hospitali huko Albuquerque, umbali wa takriban kilomita 150. Mwisho wa juma alikuwa akienda kumwona, mara nyingi kwa kuomba lifti barabarani. Arline alifariki usiku wa tarehe 16 Juni 1945. Dawa ya streptomaisini, iliyoweza kutibu ugonjwa huo, ilikuwa imeshagunduliwa mwaka 1943 katika nchi yao hiyo hiyo, lakini ilikuwa bado haijawafikia wagonjwa wa kawaida.

Feynman alieleza baadaye kwamba siku ile hakulia. Alirudi kazini. Baada ya muda, siku moja akiwa katika mji wa Oak Ridge, alipita mbele ya duka na kuona gauni dirishani. Akawaza kwamba Arline angelipenda gauni lile. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Akina baba mlio humu mnaelewa ninachosema. Siku ya mazishi tunashughulika na jeneza, turubai, usafiri na chakula cha wageni. Tunapeana mikono na watu mia tatu. Watu husema, "Mzee amejikaza kiume." Kumbe habari imefika na mwanga bado uko njiani. Unakuja kufika miezi mitano baadaye, sokoni, unapoona kitenge cha rangi aliyoipenda, na wakati huo wale watu mia tatu hawapo.

Utaratibu wetu unajulikana. Tunaomboleza, tunafanya arobaini, tunamaliza tanga, na kila mtu anarudi shambani kwake. Sisemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Mimi mwenyewe ulinibeba. Nasema tu kwamba tunaondoka mapema. Kamati nyingi huandika kwenye taarifa, "Familia ilifarijiwa," na kufunga ukurasa katika juma la sita. Kwa mgane au mjane wengi, juma la sita ni wakati ambapo mzigo ndio kwanza unaanza kutua.

Jicho hujaza pengo

Sasa tuje kwenye jicho. Nimewaomba wahudumu wawagawie karatasi. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto na nukta nene upande wa kulia, umbali wa sentimita nane hivi. Fumba jicho la kushoto, utazame msalaba kwa jicho la kulia bila kuhamisha macho, kisha isogeze karatasi polepole kutoka mbali kuja karibu. Ikifika sentimita 30 hivi kutoka usoni, nukta inatoweka. Isogeze zaidi, inarudi.

(Hapa wajumbe walifanya jaribio hilo.)

Naona mnacheka. Mfaransa Edme Mariotte aligundua jambo hili katika karne ya 17. Pale ambapo mshipa wa fahamu unatoka nyuma ya jicho hakuna chembe za kuonea, kwa hiyo kila jicho lina sehemu iliyo pofu. Lakini angalieni: nukta ilipotoweka, hamkuona tundu jeusi. Mliona karatasi nyeupe. Ubongo ulichukua kilichokuwa pembeni mwa pengo na kulijaza. Hufanya hivyo kila siku tangu mlipozaliwa, na wengi wenu mmelijua leo.

Ubongo hufanya kazi kwa kutarajia. Mtu aliyeishi na mwenzake miaka thelathini ana ubongo uliozoea kusikia hatua zile, kikohozi kile, namna ile ya kuweka sufuria jikoni. Mwenzi anapoondoka, matarajio hayaondoki siku hiyo hiyo.

Mke wangu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufungua komeo la mlango wa jikoni, na komeo lile lilikuwa na mlio wake. Tangu afariki nimeusikia mlio huo mara nyingi. Mwanzo niliinuka kwenda kutazama, nikakuta mlango umefungwa. Sikumwambia mtu. Nilihofu wanangu wangenipeleka kuishi mjini, wakidhani baba yao ameanza kuchanganyikiwa.

Baadaye nilisoma juu ya kazi ya daktari mmoja wa huko Wales, Dewi Rees. Mwaka 1971 alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya mahojiano aliyoyafanya na wajane na wagane 293 wa eneo alilolihudumia. Karibu nusu yao walimweleza kwamba wamewahi kumhisi, kumwona, kumsikia au hata kuguswa na mwenzi aliyefariki. Kuhisi tu kwamba yupo karibu ndilo lililotajwa na wengi zaidi. Hawa walikuwa watu wenye akili timamu, wenye kazi zao na familia zao. Wengi walisema hali hiyo iliwasaidia. Na chini ya theluthi moja ya waliopatwa na hali hiyo walikuwa wamewahi kumwambia mtu yeyote kabla daktari hajawauliza.

Nilipoisoma habari hiyo nilipumua. Nikajua nilikuwa mmoja kati ya wengi.

Kwa nini nawaeleza haya ninyi wajumbe wa kamati? Kwa sababu kwetu jambo hili lina hatari ambayo huenda huko Wales haikuwapo. Katika kigango kimoja, ambacho sitakitaja, mama mmoja mjane alimwambia jirani yake kwamba usiku humsikia mumewe akivua viatu vya mvua mlangoni. Maneno yakatembea. Wapo waliosema marehemu hakuzikwa vizuri. Wapo waliotaka mama apelekwe kwa mganga. Haukupita muda ndugu wa marehemu wakaanza kusema kwamba mama yule amerukwa na akili, kwa hiyo hawezi kusimamia shamba la kahawa, na afadhali wao walichukue. Kilichoanza kama sauti ya viatu kikawa shauri la ardhi.

Kamati ya kigango kile ilifanya kazi nzuri. Wajumbe wawili, mama mmoja na mzee mmoja, walikwenda kukaa na yule mama. Walimsikiliza. Walimwona anapika, anahesabu fedha za mauzo yake, anawasimamia watoto kazi za shule. Kisha wakakaa na wale ndugu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, wakawaeleza kwamba kumsikia marehemu si kichaa. Waliwaeleza pia sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mtu anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mama yule bado yuko kwenye shamba lake.

Hivyo basi, mjane akikuambia kwamba amemsikia mumewe, usiogope na wala usimkemee. Mwulize, "Ulimsikia akifanya nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Lakini kama hali inamtisha, kama hali chakula au halali kwa muda mrefu, au kama sauti zinamwamuru ajidhuru, hapo msaidieni afike kituo cha afya bila kuchelewa. Kutofautisha haya mawili ni kazi ya kamati, na si kazi ngumu kwa mtu anayetembelea mara kwa mara.

Saa iliyosimama

Nirudi kidogo kwa Feynman. Chumbani kwa mkewe kulikuwa na saa ndogo ambayo yeye mwenyewe alimpa Arline, na ambayo alikuwa ameitengeneza mara kadhaa. Arline alipofariki, saa ile ilikutwa imesimama saa tatu na dakika 21 usiku, ule ule wakati ulioandikwa kwenye cheti cha kifo. Wangapi kati yetu tungesema ni ishara? Feynman alifikiri, akakumbuka kwamba saa ile ilikuwa mbovu, na kwamba muuguzi alihitaji kujua wakati ili aandike cheti. Chumba kilikuwa na mwanga hafifu. Bila shaka muuguzi aliinyanyua saa ili aione vizuri, nayo ikasimama.

Mtu huyo huyo asiyekubali ishara ya saa, miezi kumi na sita baada ya kifo, mwezi Oktoba mwaka 1946, aliketi akamwandikia mkewe barua. Alimweleza kwamba anampenda, na kwamba hakuna mwingine aliyeziba nafasi yake. Mwishoni aliomba radhi kwa kutoituma, kwa kuwa hakujua anwani yake mpya. Barua hiyo aliitunza kwenye bahasha iliyofungwa, na watu waliisoma baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1988.

Ninaipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba mambo mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja. Mtu anaweza kujua kabisa kwamba mwenzake amefariki, na bado akawa na maneno ya kumwambia. Sisi waamini tuna sala, tuna misa za marehemu, tuna tarehe 2 Novemba. Tuna mahali pa kuyapeleka maneno yetu. Basi tusimwambie mjane, "Sahau sasa, maisha yaendelee." Maisha yake yanaendelea. Amka alfajiri umwone anavyokwenda kuchota maji.

Kutazama kwa pembeni

Jambo la mwisho kuhusu jicho. Ukitoka nje usiku kutoka kwenye chumba chenye taa, huoni nyota nyingi. Ukisubiri dakika ishirini hadi thelathini, macho yanazoea giza na nyota zinaongezeka. Aidha, nyota hafifu ukiikodolea macho inapotea; ukitazama kando yake kidogo, inaonekana. Hii ni kwa sababu chembe za jicho zinazoona gizani hazipo katikati kabisa. Ziko kuizunguka sehemu hiyo ya katikati.

Wanaowatembelea wafiwa wafanye vivyo hivyo. Kwanza, kaeni muda wa kutosha. Ziara ya dakika kumi yenye kitabu cha mahudhurio mkononi haioni kitu. Pili, msiikodolee macho huzuni. Ukimwuliza mgane ana kwa ana, "Mzee, unaendeleaje na majonzi?" atakujibu, "Tunamshukuru Mungu," na mazungumzo yataishia hapo. Lakini keti naye mpukuchue mahindi. Mshikie ngazi akipiga msumari kwenye bati. Mama, saidia kuchambua mchele. Baada ya nusu saa mikono ikiwa na kazi, jina la marehemu litakuja lenyewe.

Mimi nilipata mtembeleaji wa namna hiyo. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alikuja mwezi wa tano baada ya msiba. Alikuja kuomba mbegu za mchicha kwenye bustani ya marehemu. Tulipokuwa tukikusanya mbegu alimtaja mke wangu kwa jina lake, akanieleza jinsi walivyowahi kugombania bei ya kuku wakiwa wasichana. Sikuwahi kuisikia habari ile. Nilikuwa nimeishi na mke wangu miaka 31, na siku hiyo, akiwa kaburini, nilipata jambo jipya kumhusu. Toka siku hiyo nimekuwa nikiwaomba watu: mkimkumbuka, msininyime. Niambieni.

Kinachobaki

Mke wangu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Daftari lake bado lipo. Katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake, ameandika mkopo wa kununulia cherehani aliopewa mama mmoja mjane. Cherehani hiyo inafanya kazi hadi leo, na sare za shule za watoto kadhaa wa kijiji chetu zimeshonwa juu yake. Aliyetia sahihi hayupo. Kazi ya sahihi yake bado inatufikia.

Wafadhili wetu wapendwa, mara nyingi mnatuomba taarifa za matokeo, na mna haki. Ila naomba mwelewe kwamba kazi ya kuwatembelea wafiwa huonekana kwa kuchelewa. Mjane aliyebaki kwenye shamba lake mwaka huu ataonekana vizuri katika taarifa ya miaka kumi ijayo, watoto wake watakapokuwa wamemaliza shule. Gharama zenyewe ni ndogo: nauli ya wajumbe, sabuni na sukari ya kupeleka, daftari la kumbukumbu, na siku chache za mafunzo kama leo. Msizione ndogo mkadhani hazina kazi.

Mapendekezo

Nimalizie kwa mambo matano ninayoomba kila kamati ikayajadili.

1. Kila kamati iwe na daftari la wajane na wagane, lenye tarehe ya kifo cha mwenzi. Ziara zipangwe mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, siyo kabla ya arobaini tu. Wagane wasisahauliwe; wengi hawatasema.

2. Katika kila ziara, marehemu atajwe kwa jina. Usiogope kumliza mfiwa. Machozi yalikuwapo kabla hujafika.

3. Wajumbe wajifunze kusikiliza habari za kumsikia au kumwona marehemu bila kushtuka, na wajue kituo cha afya kilicho karibu kwa wale wanaohitaji matibabu.

4. Katika kila parokia wawepo angalau watu wawili wanaoelewa haki za wajane juu ya makazi na ardhi. Siku ya Kimataifa ya Wajane, ambayo Umoja wa Mataifa umeiadhimisha tangu mwaka 2011 kila tarehe 23 Juni, ni nafasi nzuri ya kufundisha jambo hili vigangoni.

5. Tuzuie ujane unaoweza kuzuilika. Arline alifariki dawa ikiwa njiani. Leo dawa ipo. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na hapa nchini matibabu hutolewa bila malipo. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 1.25 walikufa kwa ugonjwa huu duniani. Mkimkuta mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi katika nyumba mnayoitembelea, msiondoke kabla ya kupanga siku ya kumpeleka kupima, na nani atakayemsindikiza.

Ndugu zangu, Jumatano ya Majivu tunakumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Elimu ya nyota inaongeza kwamba madini ya chuma yaliyo katika damu yetu na chokaa iliyo katika mifupa yetu vilipikwa ndani ya nyota zilizolipuka kabla dunia hii haijakuwapo. Mavumbi yetu yametoka mbali na yana historia ndefu. Anayeyabeba kwa muda, akaishi nasi, akatupikia, akatukemea na kutusamehe, anastahili kukumbukwa kwa zaidi ya siku arobaini.

Kabla hamjaondoka leo, kila mmoja aandike kwenye ile karatasi ya jaribio jina la mjane au mgane mmoja wa kigango chake ambaye hajatembelewa tangu mwaka uanze. Msiikabidhi kwangu. Rudini nayo nyumbani, na mwende mkamwone kabla ya Jumapili ya pili.